Shokapu za bei nafuu au za bei kali kwenye pikapu? Pima uzito kwanza ndipo ufungue pochi

Mwanachesisi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lilelile: "Nina pikapu, springi za nyuma zimelala, shokapu zimekufa. Nifunge za bei nafuu au nijikaze nichukue zile za majina makubwa?" Nimeona bora niliandikie uzi, kwa sababu jibu la sentensi moja linawaumiza watu. Mmoja anaambiwa "chukua Fox tu" (jina kubwa la shokapu za bei kali), anamaliza akiba yote, halafu gari inarukaruka kuliko ilivyotoka kiwandani. Mwingine anaambiwa "zote ni chuma na mafuta", anafunga za bei ya chini kabisa na kuzipeleka kwenye barabara ya mawimbi (vumbi lililojikunja matutamatuta) akiwa na mzigo. Kabla ya jioni shokapu hazizuii kitu.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusizunguke: springi inachaguliwa kwa kilo, shokapu inachaguliwa kwa joto. Jina na bei vinafuata baada ya hapo.

Nianze na springi. Kazi yake ni kubeba. Pikapu nyingi tunazotumia, Hilux, Ranger, D-Max, Triton, zina koili (springi ya waya uliozungushwa) mbele na springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa pamoja) nyuma kwenye ekseli nzima. Chache zina koili hadi nyuma, mfano Navara nyingi za sasa na Ram 1500 tangu toleo la 2009. Springi za majani zinapenda uzito. Ukiziweka ngumu na gari ikawa tupu, nyuma inadunda, tairi linapoteza mguso wa barabara, na kwenye kona yenye makorongo mkia unahama. Ukiziweka laini na gari ikabeba, nyuma inakaa, pua inaangalia juu, usukani unakuwa mwepesi na taa zinawapofusha wanaokuja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, peleka gari kwenye mizani. Pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, gari ikiwa tupu, kisha ikiwa na mzigo wako wa kawaida. Watu wengi hukadiria kwa macho na kukosea sana, kwa sababu uzito uliopita nje ya ekseli hauhesabiki kama ulio katikati. Chukua gari yenye mita 3 kati ya ekseli na ekseli. Ukining'iniza kilo 100 mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba kilo 140, na ya mbele inapunguziwa 40. Bampa la chuma la kilo 60 lililokaa sentimita 90 mbele ya ekseli ya mbele linaipa ekseli hiyo karibu kilo 78. Ndiyo maana mtu anafunga bampa na winchi, pua inazama, halafu anailaumu shokapu ambayo haina kosa lolote.

Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kucheza baada ya kushtuliwa. Inafanya hivyo kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo vya valvu, na nguvu yote ya mtikisiko inageuka joto. Gusa shokapu baada ya kutoka kwenye barabara mbovu ndefu (kwa uangalifu, inaunguza) na utaelewa pesa inakwenda wapi. Mafuta yakichemka sana yanakuwa mepesi, yakichanganyika na hewa yanatoa povu, na pistoni inapita kwenye povu bila kukutana na upinzani. Hapo ndipo gari inaanza kuelea.

Sasa tofauti za bei zinatoka wapi? Shokapu za kawaida ni za tyubu mbili, moja ndani ya nyingine. Pistoni inafanya kazi kwenye tyubu ya ndani na mafuta ya ziada yanakaa kwenye ile ya nje. Nyingi zina gesi ya shinikizo dogo juu ya mafuta, na nyingine hutumia sponji maalumu ya povu gumu badala ya gesi ili kuzuia hewa isiingie kwenye mafuta. Shokapu za tyubu moja zina gesi ya nitrojeni iliyotengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, kwa shinikizo la bar 20 hadi 30 hivi, wakati tairi la kawaida lina bar 2 na ushee. Mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, kwa hiyo joto linatoka haraka, na kwa shinikizo lile povu halipati nafasi.

Kisha kuna unene. Mfano, kwenye shokapu za kampuni ya Bilstein, 5100 ina pistoni ya mm 46, na 6112 ina ya mm 60. Kwa eneo, ya mm 60 ni kubwa karibu mara 1.7. Mafuta mengi zaidi yanapita kwa kila sentimita ya mwendo, kwa hiyo valvu inafanya kazi kwa utulivu na joto linasambaa kwenye mafuta mengi. Juu zaidi kuna zile zenye chupa ya pembeni (tangi dogo la mafuta na gesi), zinazoongeza mafuta na kuipa pistoni nafasi ndefu ya kutembea, na zile za kurekebisha, kama Old Man Emu BP-51, ambayo unaweka ugumu wa kushuka na wa kupanda kila mmoja kivyake.

Ukiisoma orodha hiyo vizuri utaona kwamba karibu kila unacholipia juu ya shokapu nzuri ya kawaida ni uwezo wa kuvumilia joto, kurekebishika na kufunguliwa ikatengenezwa. Mtu anayekwenda kazini kwenye lami na kugusa vumbi mwisho wa wiki hafikii joto hilo hata siku moja. Huyo akinunua chupa za pembeni amenunua uwezo utakaolala. Lakini anayepiga mamia ya kilomita za mawimbi akiwa amebeba, kwa moyo wote namwambia asiende na kitu chepesi. Kwake ni suala la breki na usukani, kwa sababu tairi lisilogusa ardhi halisimami wala halipindi.

Karibuni tujadili. Waliofunga za kila aina waseme walichoona.

---

Fundi Springi

Mkuu umeandika vizuri. Mimi niko chini ya magari kila siku, niongeze upande wa ufungaji, maana nimeona seti za bei kali zikiuawa na mkono wa fundi.

La kwanza, bushi za raba (mito ya raba kwenye maungio). Fundi ananyanyua gari kwa jeki, magurudumu yananing'inia, anafunga springi na mikono (vyuma vinavyoshika gurudumu), anakaza bolti zote hapohapo hewani, anashusha. Bushi ile imekazwa ikiwa kwenye pembe ya kuning'inia. Gari ikikaa chini raba inajikunja na kubaki imekunjwa muda wote. Baada ya miezi unaona mipasuko inayozunguka kama pete, gari inalia "kwii kwii", na mwenye gari anasema bidhaa ni feki. Bolti za bushi zinakazwa za mwisho gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, baada ya kuisukumasukuma itulie.

La pili, yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli). Zikishavutwa mara moja zimenyooka kidogo. Msizirudishie za zamani kwenye springi mpya. Na baada ya kilomita 500 hadi 1,000 rudini mkaze tena kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa sababu majani mapya yanakaa na kujibana. Yubolti ikilegea, sentabolti (bolti ya katikati inayoshika majani pamoja) inabeba kazi isiyo yake, inakatika, na ekseli inahama. Nimeipokea gari ya namna hiyo, gurudumu la nyuma limegusa fenda.

La tatu, valvu ya breki inayopima mzigo. Pikapu nyingi, hasa za miaka ya nyuma kidogo, zina fimbo inayounganisha ekseli ya nyuma na valvu kwenye chesisi. Gari ikilala kwa mzigo, valvu inaruhusu breki nyingi nyuma. Ukiinua nyuma sentimita 5 bila kugusa fimbo ile, valvu inaamini gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinapungua hata ukiwa umebeba. Muulizeni fundi wenu kama ameirekebisha. Asipojua mnazungumzia nini, tafuteni mwingine.

---

Porini Daima

Naomba kuuliza kuhusu spesa (vipande vya kuongeza kimo). Kuna jamaa aliniambia kwa spesa za mm 25 juu ya shokapu za mbele napata kimo cha kutosha bila kununua chochote kingine. Ni rahisi mno ukilinganisha na seti nzima.

---

Mwanachesisi

Mkuu, kimo utakipata, na zaidi ya unavyodhani. Shokapu ya mbele haijakaa kwenye gurudumu, imekaa katikati ya mkono, kwa hiyo mm 25 za juu zinakuwa mm 40 hadi 50 hivi kwenye gurudumu. Ila springi ni ileile, mafuta ni yaleyale, na umeusogeza mwendo wote chini. Gurudumu likidondoka kwenye shimo, linashuka chini kuliko ilivyopangwa, na wa kwanza kulia ni sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) na boljointi ya juu (kiungo cha mkono na gurudumu).

Kama shokapu zako ni nzima, unataka tu kuisawazisha pua, na unatumia spesa nyembamba, sawa. Ila usiihesabu kama umeboresha chochote kwenye mwendo wa gari. Na ukishainua mbele kwa njia yoyote, ya bei yoyote, gari iende alaimenti siku hiyohiyo. Ukifika mm 50 uulize kuhusu mikono ya juu iliyopindwa kufidia pembe, kwa sababu kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu linapindia) inapungua na usukani unakosa hamu ya kurudi katikati.

---

Porini Daima

Asante mkuu. Nimeelewa kwa nini ya jirani yangu ilipasua mpira wa sivi. Alifunga spesa nene, halafu akanyoosha springi ikagusa mkono wa juu.

---

Mzee Original

Vijana, mimi nina msimamo wangu. Gari imetoka kiwandani na wahandisi walioisoma miaka. Shokapu ikifa rudisha ya kiwandani au KYB au Monroe ya namba ileile, endelea na maisha. Haya mambo ya chupa za pembeni na rangi za dhahabu ni mapambo.

---

Mwanachesisi

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Kwa gari ambayo haijaongezwa kitu, inayobeba ilichopangiwa, shokapu nzuri ya tyubu mbili kutoka kampuni ya kueleweka ndiyo jibu, na ni ya bei nafuu kihalali. Tena ina sifa moja ambayo za bei kali hazina: jiwe likiipiga na kuibonyeza ubavuni, pistoni iko kwenye tyubu ya ndani, inaendelea. Ya tyubu moja ikibonyea, pistoni inakwama palepale.

Tunapoachana, mzee, ni pale gari inapokuwa si ile iliyotoka kiwandani. Mhandisi alipanga valvu kwa gari isiyo na bampa la chuma, winchi, tangi la ziada na kreti za vifaa. Ukiongeza kilo 200 za kudumu na springi ngumu za kuzibeba, shokapu ya kiwandani haina nguvu ya kuirudisha springi ile polepole. Mnaiona barabarani, pikapu inayopita tuta moja na kuitikia mara tatu. Springi na shokapu zinanunuliwa pamoja, zikiwa zimepangwa kwa ajili ya kila moja. Seti ya kati iliyolingana inaishinda shokapu ya kifahari iliyofungwa kwenye springi isiyo yake, na hilo nalisema bila kusita.

---

Mzee Original

Marahaba. Hapo kwenye kulingana tumekubaliana.

---

Safari Ndefu

Mimi niko upande wa bei kali, na sijutii, ila watu waambiwe ukweli wa kuishi nazo. Zangu zina chupa za pembeni na zinafunguka. Kwenye mawimbi marefu gari imetulia mpaka mwisho wa safari, na hicho ndicho nilichotaka. Lakini:

Sili na mafuta ni vya kubadilishwa kwa ratiba, si mpaka vivuje. Anayezifungua anahitaji mtungi wa nitrojeni, vifaa vyake na sehemu safi. Kama hakuna mtu wa hivyo unapoweza kumfikia, umenunua kitu kitakachokufa kikiwa bado kizima.

Zangu zinashikwa na jointi za chuma badala ya bushi za raba. Usukani ni mkali, unasikia kila kitu, na "kila kitu" ni pamoja na kelele. Mchanga ukiingia zinagonga. Mke wangu aliniuliza siku ya kwanza kama kuna kitu kimelegea.

Na mipira (hozi) ya chupa: ipitishwe mbali na tairi na bomba la moshi. Zungusha usukani mwisho kulia na mwisho kushoto, gari ikiwa juu na ikiwa chini, uangalie kwa tochi.

---

Mama Mizigo

Wakuu naomba msaada wenu. Nina pikapu ya cabin mbili, springi za majani nyuma, nafanya kazi ya kusambaza maji na kurekebisha pampu. Napakia tangi la lita 500 na kreti ya vifaa. Nyuma inakaa vibaya. Muuzaji ananiambia nichukue springi za "kilo 500" na shokapu za bei ya juu kabisa dukani. Jirani ananiambia niweke mabegi ya upepo (mifuko ya mpira inayojazwa hewa) tu, yanatosha. Nimechanganyikiwa.

---

Fundi Springi

Dada, mabegi ya upepo kwenye springi za majani nayaogopa. Springi inasukuma chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Begi linasukuma sehemu moja, katikati juu ya ekseli. Ukipakia nyuma ya ekseli na begi limejazwa kwa nguvu, chesisi inapata mhimili wa kupindia palepale. Pikapu zilizopinda mgongo kwa njia hiyo zipo. Kama begi ni la kusaidia kidogo kwa mzigo wa muda, sawa. Kama ndilo linalobeba kazi yako ya kila siku, hapana.

---

Mwanachesisi

Dada yangu, kabla sijasema chochote naomba namba. Nenda mizani, pima mbele na nyuma, tupu kisha na tangi lililojaa. Pia chukua utepe upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Na angalia kibao cha gari au kitabu chake, uzito wa juu wa ekseli ya nyuma ni ngapi. Hilo la mwisho ni muhimu sana: springi ngumu haiongezi uzito ulioruhusiwa. Ekseli, bearingi, breki na chesisi ni vilevile.

Na uniambie, tangi linarudi nyumbani likiwa tupu au limejaa?

---

Kijana wa Gereji

Wakati tunamsubiri dada, niongeze kuhusu feki. Boksi zuri si ushahidi. Angalieni weldi ya kikombe cha chini, iwe ya mfululizo. Angalieni namba iliyochongwa kwenye mwili kama inalingana na ya boksi na ya katalogi ya kampuni. Ishikeni fimbo ya pistoni dhidi ya mwanga: kromu iwe laini bila mistari. Shokapu ya tyubu moja yenye gesi ikifunguliwa kamba inayoibana inajinyanyua yenyewe polepole kwa nguvu. Ikikaa tu imelala baada ya kuisukuma chini, irudisheni dukani.

Kwenye koili, pimeni unene wa waya kwa kaliba. Ugumu unakwenda na unene kwa kipeo cha nne. Waya wa mm 15 badala ya 14, mengine yote yakiwa sawa, ni ugumu wa zaidi ya asilimia 30. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni ileile, imepungua milimita moja tu", hiyo si ileile hata kidogo.

---

Safari Ndefu

Hesabu hiyo ya milimita moja watu wengi hawaijui. Ahsante kijana.

---

Mama Mizigo

Nimerudi. Mizani: tupu, mbele kilo 1,080, nyuma 760. Tangi limejaa na vifaa vimo, mbele 1,040, nyuma 1,420. Kibao kinaruhusu zaidi ya hapo nyuma, nimehakikisha. Nyuma fenda inashuka sana nikijaza, na kulia iko chini kidogo kuliko kushoto.

Tangi narudi nalo tupu kila jioni. Vifaa ndio havishuki, kama kilo 120. Barabara ni nusu lami, nusu vumbi lenye mawimbi, lakini safari moja si ndefu.

---

Mwanachesisi

Dada, umefanya kazi nzuri kuliko wengi wanaofika dukani na pesa mkononi. Namba zako zimejibu.

Mzigo wako wa kudumu ni kilo 120 za vifaa na uzito wa tangi lenyewe. Maji ni mzigo wa nusu siku. Springi za kudumu za kilo 500 zimetengenezwa kwa gari ambayo haishuki mzigo kabisa, na wewe kila jioni ungerudi na nyuma inayodunda juu ya mawimbi, breki zikikosa mshiko. Chukua springi za daraja la kati, zile za mzigo wa kudumu wa hadi kilo 300 hivi, zenye jani la chini nene linaloanza kufanya kazi gari ikishalala. Ukiwa tupu majani ya juu ndiyo yanacheza, ukijaza lile la chini linapokea.

Shokapu: safari zako ni fupi, zinapata muda wa kupoa, hivyo chupa za pembeni hazikuhusu. Lakini kutoka 760 hadi 1,420 ni karibu mara mbili, kwa hiyo usichukue za kiwandani. Chukua za tyubu moja za daraja la kati, au za tyubu mbili zenye mwili mnene, zilizopangwa kwa springi utakazonunua. Kama utapata zenye kirungu cha kurekebisha, kama Rancho RS9000XL yenye hatua 9, kwa kazi yako ya kujaza na kumwaga kinatumika kweli. Mbele, kama hazivuji na gari haiitikii, ziache kwa sasa.

Upande wa kulia kuwa chini: hamisha kreti ya vifaa kwanza, isogee kushoto na mbele ya ekseli, upime tena. Ikibaki hivyohivyo, kuna jani limechoka au limekatika.

Na tangi, hakikisha lina vigawanyo ndani. Maji ya nusu tangi yanayokimbia mbele na nyuma yanaisukuma gari kwa namna ambayo shokapu ya bei yoyote haiwezi kuizuia.

---

Mama Mizigo

Halina vigawanyo. Sikujua kama kuna kitu hicho.

---

Fundi Springi

Basi anza na hilo dada, kabla ya springi. Mengine nitakuandikia orodha ya vya kununua pamoja: yubolti mpya, bushi, sentabolti, na mpira wa kugotea (unaozuia ekseli isigonge chesisi) kama wa sasa umepasuka. Niambie mwaka wa gari na kama ile fimbo ya breki ipo kwenye ekseli ya nyuma.